Asali, stevia, vidonge vya utamu: kipi kibaya kuliko sukari?

Swali: "Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 52 na kilo 78. Mwaka jana aligundulika ana kisukari aina ya pili, anatumia metformini na glibenklamaidi. Nyumbani sukari tumeiacha. Anakunywa chai vikombe vitatu kwa siku. Zamani aliweka vijiko viwili vya chai vya sukari kila kikombe, sasa anaweka kijiko kikubwa cha asali. Akiwa kazini anatumia vidonge vya utamu. Mtoto wetu wa miaka mitatu, kilo 13, nampa juisi ya unga iliyoandikwa kuwa haina sukari. Jirani ananiambia vitu hivi vinaleta saratani na ni vibaya kuliko sukari yenyewe, afadhali turudi kwenye sukari. Ni kweli?" – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba, dada. Jirani yako amepatia nusu, ila si nusu ile anayoifikiria. Katika vitu vitatu ulivyovitaja, kinachomzidishia mumeo mzigo kuliko sukari aliyoiacha ni asali. Vidonge ndivyo vyenye shida ndogo kuliko vyote. Juisi ya mtoto ina kasoro yake, lakini kasoro hiyo haihusiani na saratani.

Nianze na asali, maana ndiyo watu wanaoiamini kupita kiasi. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa juu kina gramu 4. Vijiko viwili kwa vikombe vitatu ni gramu 24 kwa siku. Asali ni nzito: kijiko kikubwa kimoja, kile cha kulia wali, kinabeba gramu 20 au 21. Katika hizo, asilimia 80 na kidogo ni sukari, na karibu yote iliyobaki ni maji. Kila kijiko basi kinaingiza gramu 17 hivi za sukari kwenye kikombe. Kwa vikombe vitatu ni gramu 51. Mumeo ameacha gramu 24 akachukua 51, zaidi ya mara mbili, na huku nyumba nzima inaamini kwamba sukari imeachwa. Siku anazokunywa kikombe kimoja au viwili kwa vidonge kazini, hesabu inapungua kwa kiasi hicho, lakini kijiko kimoja tu cha asali bado kinazidi vile vijiko viwili vya zamani.

Watu hupenda kusema sukari ya asali "si kama sukari nyingine". Sukari ya dukani ni sukrozi, yaani glukozi na fruktozi zilizoshikana mojamoja. Ikifika kwenye utumbo mwembamba inakatwa na kuwa glukozi na fruktozi. Asali ni glukozi na fruktozi zilizokwisha kukatwa na nyuki kabla haijafika kwako, fruktozi kama asilimia 38 na glukozi kama 31. Mwishoni vinavyoingia kwenye damu ni vilevile. Ukilinganisha gramu kwa gramu, asali hupandisha sukari ya damu pungufu kidogo tu kuliko sukari ya kawaida, tofauti ambayo kijiko kikubwa badala ya kidogo huifuta papo hapo. Asali ina faida zake: inatuliza kikohozi, na ina viambata kidogo ambavyo sukari nyeupe haina. Ila hizo ni faida za kijiko kimoja cha chai kwa mgonjwa wa mafua, haziwi ruhusa ya kumimina. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulamba kidoleni, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuwadhibiti.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa 2015, linaiweka asali katika hesabu moja na sukari ya kijiko, pamoja na shira za kila aina na juisi ya matunda, hata ile uliyokamua mwenyewe jikoni. Vyote hivi visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana vishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Ona basi: chai yake ya zamani peke yake ilikuwa imekaribia kikomo hicho. Ya sasa imekipita mara mbili.

Sukari guru, sukari ya rangi ya kahawia na sukari ya nazi ziko kundi hilohilo. Sukari guru ina madini ya chuma kidogo, ndiyo, lakini ukitaka chuma kula maharage na mchicha. Tende ni tofauti kidogo kwa sababu ina nyuzinyuzi zinazopunguza kasi, na mtu akila tatu anahisi amekula kitu. Hata hivyo tende moja ndogo iliyokauka ina kama gramu 5 za sukari, na zile kubwa laini za kifahari zinafika gramu 16 kila moja. Wakati wa futari, mgonjwa wa kisukari anayekula tende saba kwa nia njema anakuwa amekunywa soda bila kujua.

Kitu ninachoweza kukiita kibaya kuliko sukari bila kusita, kwa mgonjwa kama mumeo, ni fruktozi inayouzwa kama "sukari ya wagonjwa wa kisukari", pamoja na shira ya agave. Agave inatoka kwenye mmea wa jamii ya mkonge unaolimwa Meksiko, na kiasi kikubwa cha sukari yake, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, ni fruktozi. Ujanja wake uko hapa. Fruktozi haipandishi sana glukozi ya damu, kwa hiyo ukijipima kidoleni mashine inakuonyesha namba nzuri. Lakini sehemu kubwa ya fruktozi huenda kushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza mafuta. Mafuta hayo mengine hubaki kwenye ini lenyewe, mengine hutoka kwenda kwenye damu kama trigliseridi. Njiani huzalishwa pia asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo. Mgonjwa wa kisukari aina ya pili mara nyingi tayari ana ini lenye mafuta na trigliseridi za juu. Mashine ya kidoleni haipimi hata kimoja kati ya hivyo, na ndiyo maana mtu anaweza kuendelea miaka akijisifu kwa namba. Tunda zima lina fruktozi pia, lakini chungwa moja lina gramu chache pamoja na nyuzinyuzi na maji, na hakuna anayekula machungwa manane kwa mkupuo. Kuyakamua manane kwenye jagi ni rahisi sana.

Sasa tuje kwenye vidonge, ambavyo jirani yako anaviogopa.

Vile vidonge vidogo vya kudondoshea kwenye chai kwa kawaida vina aspatami, sakarini au sukralozi. Kwenye pakiti utaona majina yake kwa tahajia ya Kiingereza, au namba: aspatami ni E951, sakarini E954, sukralozi E955, asesulfemu-K E950, siklamati E952, stevia E960. Zikariri namba hizi, zitakusaidia dukani kuliko maneno makubwa yaliyoandikwa mbele ya pakiti. Aspatami ni tamu kama mara 200 kuliko sukari, kwa hiyo kidonge chenye miligramu 20 hivi kinatosha badala ya kijiko cha chai kizima.

Maneno ya saratani yana mizizi miwili. Wa kwanza ni wa miaka ya 1970, panya wa maabara waliolishwa sakarini nyingi mno walipopata uvimbe wa kibofu cha mkojo. Marekani ikaweka onyo kwenye pakiti mwaka 1977. Baadaye ikajulikana kwamba uvimbe ule ulitokana na hali ya mkojo wa panya dume wenyewe: una protini na madini mengi, sakarini nyingi huyafanya yagande, na chembe zile hukwaruza kibofu mpaka kinavimba. Mkojo wa binadamu hauko hivyo. Mwaka 2000 onyo likaondolewa, lakini hofu haikuondoka nalo, na mpaka leo inasimuliwa bila mwisho wake.

Mzizi wa pili ni wa Julai 2023. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliiweka aspatami katika kundi 2B, yaani "huenda inasababisha saratani", kwa ushahidi ambao lenyewe lilisema ni mdogo. Katika kundi hilohilo limo dondoo la jani zima la mshubiri, ambalo watu wanakunywa kama dawa. Kundi hilo hupima uimara wa ushahidi. Ukubwa wa hatari kwa kiasi unachokula haupimwi hapo. Kazi ya kupima kiasi ni ya kamati ya pamoja ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) na WHO, nayo mwezi huohuo iliacha kikomo chake palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Fanya hesabu ya mumeo. Kilo 78 mara 40 ni miligramu 3,120. Vidonge sita kwa siku ni miligramu 120, chini ya asilimia 4 ya kikomo. Hata akitumia vidonge kwa chai zote na kuongeza soda moja ya aina ya sifuri, yaani isiyo na sukari, hajafika popote karibu nacho. Ipo tafiti kubwa ya Ufaransa iliyotoka 2022, iliyofuatilia zaidi ya watu wazima 100,000, ikaona saratani zimezidi kidogo kwa watumiaji wa vitu hivi. Hiyo ni sababu ya kutovitumia ovyo. Mgonjwa wa kisukari kurudi kwenye gramu 24 au 51 za sukari kwa sababu hiyo ni kuacha hatari ndogo isiyo na uhakika na kukumbatia kubwa iliyothibitika.

Kuna kundi moja ambalo aspatami kwao ni marufuku kweli: waliozaliwa na fenilketonuria, ugonjwa nadra wa kurithi ambao mwili hauwezi kuivunja fenilalanini, na aspatami ikivunjika hutoa fenilalanini. Ndiyo maana pakiti zina onyo hilo. Mtu mzima asiye nao hahusiki.

Kosa linalofanyika sana na vidonge vya aspatami ni la jikoni. Watu huvitia kwenye sufuria ya chai inayochemka, au kwenye chupa ya chai asubuhi ili inywewe mpaka jioni. Aspatami haivumilii joto la muda mrefu: inavunjika na utamu unapotea. Haigeuki sumu, ila chai ya saa kumi inakuwa chungu, mtu anaongeza vidonge viwili, kesho yake anaanza na vinne. Tia kidonge kwenye kikombe, baada ya kumimina. Sukralozi inastahimili chai na uji vizuri, lakini nisingeitumia kwenye maandazi au keki. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula, BfR, ilionya mwaka 2019 kwamba ikipashwa joto la kati ya nyuzi 120 na 250 inaweza kuvunjika na kutoa misombo ya klorini isiyotakiwa. Mafuta ya kukaangia maandazi yako ndani ya joto hilo. Na tukiwa hapo kwenye maandazi: mawili ya ukubwa wa kawaida yanaweza kubeba gramu 40 na zaidi za wanga, ambao wote unaishia kuwa glukozi. Kubishana kuhusu kidonge huku sahani ya maandazi iko pembeni ni kupoteza chai.

Je, kidonge kinamsaidia mumeo kupungua uzito? Hapa WHO ilitoa mwongozo Mei 2023, na magazeti mengi yaliusoma vibaya. Shirika lilipendekeza watu wasitumie viongeza utamu visivyo sukari kwa lengo la kudhibiti uzito. Katika majaribio ya muda mfupi, wanaovitumia walipungua kidogo, kama robo tatu ya kilo. Katika tafiti za miaka mingi, wanaovitumia wanaonekana kupata zaidi kisukari aina ya pili na maradhi ya moyo. Sehemu ya hilo inaelezeka kirahisi: anayekimbilia soda ya sifuri mara nyingi ni yule aliyekwisha kunenepa au aliyeonywa na daktari, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa njiani kabla ya soda. Kwa sababu hiyo pendekezo lenyewe liliwekwa kuwa la masharti, yaani si la uhakika kamili. Tena mwongozo ulisema waziwazi kwamba hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Mumeo ni mmoja wao. Kwake swali ni jepesi zaidi: kidonge badala ya sukari, au kidonge juu ya sukari? Cha kwanza kinamfaa. Cha pili, yaani soda ya sifuri ya kusindikizia keki "kwa kuwa nimeshabana kwenye soda", hakimsaidii chochote.

Kuhusu tumbo na bakteria wake, watafiti wa Israeli walichapisha jaribio mwaka 2022 kwa watu wazima wenye afya 120. Wiki mbili za sakarini au sukralozi, kwa kiasi kisichozidi kikomo, ziliwafanya baadhi yao washughulikie glukozi vibaya zaidi kuliko mwanzo, na hali ilitofautiana sana kati ya mtu na mtu. Aspatami na stevia hazikuonyesha badiliko hilo kwenye glukozi. Sisemi atupe sakarini kwa jaribio moja la wiki mbili. Lakini kama ana mashine ya kupimia nyumbani, anaweza kujichunguza: siku tatu chai kavu bila kitu, siku tatu chai na kidonge, kifungua kinywa kilekile, apime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Namba zikipanda sana siku za kidonge, abadilishe aina.

Stevia watu huiuliza kwa sababu ni jani, tena linalimwa hata Kericho, Kenya. Asili yake ni Paraguai. Dondoo lake lililosafishwa ni tamu kama mara 200 hadi 300 kuliko sukari na lina kikomo chake, miligramu 4 kwa kilo, kikihesabiwa kama stevioli, kiini cha vitamu vya jani hilo. Ni chaguo zuri. Tatizo ni kwamba unachonunua kwa jina la stevia aghalabu ni stevia kidogo iliyochanganywa na kitu kingine kingi. Geuza pakiti usome orodha ya viambato. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Ukiona mwanzoni dekstrozi au maltodekstrini, umenunua wanga unaopandisha sukari ya damu haraka kama glukozi yenyewe au karibu sawa. Kipaketi kimoja cha gramu moja si neno. Vipaketi sita kwa siku ni gramu 6, kijiko kimoja na nusu cha sukari ambacho hakuna anayekihesabu. Kopo la unga la kupimia kwa kijiko linaweza kuwa baya zaidi, maana mtu huchota bila woga.

Ukiona kwanza eritritoli, E968, habari ni nyingine, na hapa ndipo ningesita kwa mtu wa umri na hali ya mumeo. Eritritoli haipandishi sukari ya damu na haina nishati ya maana. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, waliripoti kwamba wagonjwa wa moyo wenye eritritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwili wenyewe hutengeneza eritritoli, na hutengeneza zaidi ukiwa mgonjwa, kwa hiyo hilo peke yake lisingenishtua. Kilichonifanya nichukue tahadhari ni jaribio dogo la 2024: watu wenye afya 20, nusu wakanywa gramu 30 za eritritoli na nusu gramu 30 za glukozi. Chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, zikawa na wepesi zaidi wa kugandana kwa waliokunywa eritritoli. Kwa glukozi haikutokea hivyo. Gramu 30 ni nyingi, lakini ndizo unazozipata kwenye kipande kikubwa cha keki "isiyo na sukari" au kopo la aiskrimu ya aina hiyo. Mtu mwenye kisukari tayari yuko kwenye hatari ya moyo. Kipaketi kimoja kwenye chai hakinisumbui, keki ya kila siku inanisumbua. Ksailitoli, E967, imepata tuhuma kama hizo mwaka huohuo. Kwenye bazoka na dawa ya meno ni kidogo, tena inasaidia meno. Kama mnafuga mbwa, msiiache bazoka hiyo mezani: kiasi kidogo cha ksailitoli huangusha sukari ya mbwa na kinaweza kumuua.

Sobitoli na maltitoli, E420 na E965, utazikuta kwenye biskuti, peremende na chokoleti za "wagonjwa wa kisukari". Zinapandisha sukari ya damu pungufu kuliko sukari, lakini zinapandisha, hasa maltitoli. Zisizofyonzwa huvuta maji kwenye utumbo mpana na kuchachushwa huko. Pakiti ya peremende kumi jioni, na usiku ni gesi na kuharisha. Mtu anayetumia metformini, ambayo yenyewe huvuruga tumbo wiki za mwanzo, huilaumu dawa na kuiacha wakati kosa ni la peremende.

Sasa mtoto. Juisi za unga za bei nafuu zinatiwa utamu kwa siklamati na sakarini kwa sababu ni rahisi na zikiwa pamoja kila moja huficha uchungu wa nyingine. Marekani iliipiga marufuku siklamati mwaka 1969. Ulaya na nchi nyingine nyingi zinairuhusu kwa vipimo. Kikomo cha kamati ya FAO na WHO ni miligramu 11 kwa kilo kwa siku, Ulaya wanatumia 7. Mwanao ana kilo 13: kikomo chake ni miligramu 143 kwa hesabu ya kwanza, 91 kwa ya pili. Ulaya inaruhusu kinywaji kiwe na siklamati isiyozidi miligramu 250 kwa lita. Kinywaji kilichofika kiwango hicho, mililita 360 hivi, kikombe kimoja kikubwa na kidogo juu, zinatosha kumfikisha mtoto wako kwenye kikomo cha Ulaya. Na hapo nimechukulia kwamba unga umechanganywa kwa maji yaliyoandikwa. Pakiti inasema lita mbili, nyumbani tunatia lita moja "ikolee", na kipimo kinazidi mara mbili. Mtu mzima wa kilo 70 angekunywa lita nzima na zaidi bila kukifikia. Kikomo kimewekwa na nafasi kubwa ya usalama, kwa hiyo kukipita siku moja moja hakumdhuru mtoto. Kumpitisha kila siku kwa miaka ndiko nisikokubali, na Ulaya hairuhusu kabisa viongeza utamu kwenye vyakula vilivyotengenezwa mahsusi kwa watoto wachanga na wadogo.

Halafu uangalie kama kweli haina sukari. Maneno "haijaongezwa sukari" yanaweza kukaa mbele ya pakiti yenye maltodekstrini au juisi iliyokolezwa. Tafuta jedwali la lishe, mstari wa sukari kwa mililita 100. Soda ya kawaida ina kama gramu 10 au 11 hapo, maana yake chupa ya mililita 300 ni vijiko vinane vya chai. Asidi iliyotiwa kwenye juisi ya unga ili iwe na ukali wa limau hula meno hata kama sukari ni sifuri, hasa mtoto akiinyonya polepole kwenye chupa mchana kutwa.

Usimrudishie juisi yenye sukari badala yake. Mpe maji na maziwa, na tunda alitafune. Akilia kwa kuzoea, punguza unga robo kila siku nne au tano huku maji yakibaki yaleyale, mpaka inakuwa maji yenye rangi, kisha yenyewe inaisha.

Kwa mumeo ningefanya hivi. Asali itoke kwenye chai. Vidonge vibaki, kidonge kimoja kwa kikombe, vikiwa daraja la kushukia tu. Chai ichemshwe na tangawizi, iliki au mchaichai, kwa sababu harufu inamdanganya mtu kuhusu utamu. Akipenda ya maziwa, akumbuke kuwa mililita 100 za maziwa zina karibu gramu 5 za laktozi, nayo ni sukari ya kuhesabiwa, ingawa inapanda polepole. Baada ya wiki mbili anywe kikombe kimoja kati ya vitatu bila kitu, baada ya nyingine mbili viwili. Ulimi huzoea, wengi wakishafika wiki ya nne, kikombe cha vijiko viwili kinawachefua. Asifanye kwa siku moja, kwa maana anayeshinda siku tatu kwa chai kavu huvunja mwiko siku ya nne kwa soda.

Kabla hajaiondoa asali, muulizeni daktari au muuguzi wa kliniki yenu, kwa sababu ya ile glibenklamaidi. Dawa hiyo inalazimisha kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Kama kipimo cha dawa kiliongezwa katika miezi hii ambayo alikuwa akinywa gramu 51 za sukari ya asali bila kujua, zikiondoka ghafla sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuongea ovyo. Mashine ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L), au dalili zipo na mashine haipo, hapo sukari ya kawaida ndiyo dawa na vitamu vingine vyote havina kazi. Soda ya sifuri, kidonge au stevia havitapandisha hata pointi moja. Ladha ni tamu, glukozi hakuna. Apewe gramu 15: vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, au kile kijiko kikubwa cha asali. Subirini dakika 15, mpime tena, na kama bado iko chini rudieni. Ikipanda ale chakula. Glibenklamaidi hukaa mwilini saa nyingi, kwa hiyo mwangalieni mpaka kesho yake, na mpigieni daktari siku hiyohiyo. Akiwa amezimia au hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Kwa hiyo msiimalize sukari yote nyumbani, na yeye atembee na vijiko vinne vyake vilivyofungwa kwenye karatasi, mfukoni, tofauti na vile vidonge.